Picha za Lodwar za Kumwonyesha Mama

Miaka hiyo nilifanya kazi katika studio ya picha mjini Kitale, ghorofani, juu ya duka la mbegu. Mwenye studio alikuwa mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kulima Trans-Nzoia kabla yeye hajazaliwa. Tulikuwa wawili tu, mimi na yeye. Yeye alipiga picha za pasipoti na za familia mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji na swala mmoja mwenye shingo ndefu kupita kiasi. Mimi, kwa kuwa nilikuwa kijana na sikuwa na mume wa kuniuliza ninaenda wapi, nilipewa harusi. Na harusi zilikuwa zimebadilika. Maharusi hawakutaka tena pazia. Walitaka mahali.

Kwa hivyo kila Jumatatu, siku ambayo studio ilifungwa, nilitoka asubuhi na kamera begani kutafuta mahali, nikarudi jioni na viatu vimejaa matope. Nilizunguka kinamasi cha Saiwa. Nilipanda kutoka Kachibora mpaka pale milima ya Cherangany inapoanza kuwa mikali na mahindi yanaachia nyasi nafasi. Nilifika hata Cheptais, chini ya Mlima Elgon, nikapata ukingo wa shamba la vitunguu ambapo ukisimama saa kumi alasiri unaona Bungoma yote imetandazwa chini yako hadi macho yanachoka. Niliandika kila kitu kwenye daftari: jua linatoka upande gani, kuna ng'ombe au hakuna, mwenye shamba huombwa vipi ili akubali bibi harusi akanyage vitunguu vyake.

Bosi wangu alikuwa akilisoma lile daftari huku miwani imeshuka puani. "Usinitafutie tu mahali pazuri," aliniambia mara nyingi. "Kuna mahali ni pazuri sana mpaka mtu akisimama hapo anapotea."

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, na niliamini hakuna kazi bora kuliko hiyo.

Mwaka mmoja, mwezi wa nane, Mama aliniita nyumbani. Kwetu ni karibu na Kibabii, mwendo mfupi kutoka mjini Bungoma. Nilimkuta ameketi jikoni, na mezani ameweka bahasha ya kaki.

"Hii utampelekea dada yako," alisema. "Atie sahihi. Urudi nayo."

Dada yangu alikuwa muuguzi. Serikali ilikuwa imempeleka Lodwar, kaskazini kabisa, kwenye mji ulio katikati ya jangwa, na alikuwa amekaa huko mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mama hakuwahi kukubali. Baba alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na Mama aliona ni kama watu wawili wametoka nyumbani badala ya mmoja. Ndani ya bahasha ilikuwa fomu ya uhamisho. Mjomba wetu, aliyekuwa karani katika ofisi fulani Bungoma, alikuwa ameuliza huku na huku mpaka nafasi ikapatikana hospitalini karibu na nyumbani. Ilibaki sahihi ya dada tu.

"Umemwambia?" nilimuuliza Mama.

"Nimwambie nini? Akija atajua." Aliinuka akaanza kujaza gunia: kunde zilizokaushwa, unga wa wimbi, njugu, na mkungu mzima wa ndizi mbichi. "Nasikia huko hata mti hakuna. Mtu anakaa vipi mahali hakuna mti?"

Kusema kweli, nilikuwa upande wake. Nilimkosa dada yangu. Tangu utotoni tulilala kitanda kimoja, na barua zake zilikuwa zimeanza kuwa fupi.

Bosi alinipa siku za kutosha kwenda, kukaa siku tatu na kurudi. Aliniruhusu kubeba kamera ya pili, ile kuukuu, pamoja na filamu tatu za picha thelathini na sita kila moja. "Usirudi mikono mitupu," alisema. "Mtu akienda mbali hivyo lazima alete kitu." Nilipata nafasi ya mbele kwenye lori la kabichi. Marich tulisubiri magari mengine ili tupite Kainuk pamoja, na askari wakiwa mbele, maana barabara ile haikuwa na sifa nzuri kwa ajili ya majambazi. Baada ya hapo sikumbuki mengi ila vumbi na jinsi kijani kilivyoisha. Hakikuisha ghafla. Kilipungua kidogo kidogo, mpaka nikageuka kutafuta mti mkubwa nyuma yetu nisiuone.

Dada alinipokea karibu na soko, amejifunga leso kichwani, amekonda kidogo. Tulikumbatiana hadi watu wakatutazama. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha wafanyakazi wa hospitali, na kitanda kilikuwa nje, chini ya ukuta, kwa sababu ndani hakukulalika kwa joto. Alifungua gunia, akanusa zile kunde kwanza, akafumba macho. Kisha nikampa bahasha.

Aliisoma amesimama.

"Amenitafutia nafasi Bungoma," alisema.

"Ndiyo."

"Bila kuniuliza."

"Alijua utasema hapana."

"Na wewe unasema nini?"

Nilitaka kusema sijui, lakini dada yangu alinijua sana. "Mimi nataka urudi," nilimwambia. "Huku ni mbali. Na ni pakavu. Unaishi aje huku, kweli?"

Hakukasirika. Aliikunja fomu akairudisha kwenye bahasha, akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia. "Una filamu ngapi?"

"Tatu."

"Na utakaa siku ngapi?"

"Tatu. Ya nne nasafiri."

"Basi si wewe ndiye mtu wa kutafuta mahali? Nitafutie mahali hapa. Piga picha, mpelekee Mama. Akiona, halafu bado aseme nirudi, nitatia sahihi. Sitabishana na yeye."

Tukakubaliana hivyo.

Asubuhi ya kwanza tulipanda kilima kimoja cha mawe meusi kilicho pembeni mwa mji. Tulianza kabla jua halijatoka, dada akiwa mbele, anajua wapi pa kuweka mguu. Kule juu niliona mabati ya mji yakiwaka moja baada ya jingine, na ng'ambo yake mstari wa kijani mzito, kana kwamba mtu amechora kwa kalamu. "Ule ni mto Turkwel," dada alisema. "Mwambie Mama miti iko. Imepanga foleni tu." Nilipiga picha kumi na mbili. Kufikia saa tatu mwanga ulikuwa umekuwa mweupe kama unga, hakuna kivuli, hakuna umbo. Nilijifunza siku hiyo kwamba jangwa humpa mpiga picha mwanga wa muda wa saa mbili tu asubuhi, na wa saa moja jioni. Saa zilizobaki tulizipitisha tumelala sakafuni juu ya leso iliyolowekwa maji, tukizungumza juu ya watu wa kwetu, nani ameoa, nani ametengana, mpaka jua likapoa.

Siku ya pili tulienda mtoni. Huko mikoma inasimama kando ya maji, ile mitende yenye shina linalogawanyika kama mikono, na mchanga wake ni mwekundu mwanzoni, kisha wa dhahabu. Maji yalikuwa yamepungua. Mama mmoja alikuwa amechimba shimo kwenye mchanga, akichota taratibu kwa kibuyu, shanga zimejaa shingoni mpaka kidevuni. Nilipoinua kamera alinyoosha mkono.

"Unachukua mimi, unapeleka wapi?" aliuliza.

"Kwa mama yangu. Bungoma."

"Mama yako hajaona mtu akichota maji?"

Dada akacheka, akaenda akamsalimia kwa Kiturkana, akachuchumaa karibu naye. Walizungumza kwa muda. Sikuelewa neno, lakini niliona yule mama akinitazama mimi, kisha dada, kisha mimi tena. Mwishowe akaniambia kwa Kiswahili, "Huyu alishika mtoto wangu wakati anazaliwa. Mtoto alikuwa ametangulia na miguu. Mwambie mama yako huyu ni wa kwetu pia." Akajifuta mikono, akasimama wima, akaniruhusu kupiga picha moja. Moja tu. Nilipoomba ya pili alisema ile moja inatosha, mama yangu ataona vizuri.

Njiani tukirudi nilibaki nyuma. Dada aliniuliza kama joto limenishinda. Nilisema ndiyo.

Siku ya tatu ndiyo iliyokuwa siku yenyewe. Dada alimfahamu mzee mmoja mwenye pikapu ya kuleta samaki waliokaushwa kutoka Ziwa Turkana, na mzee huyo alikubali kutupeleka Eliye, kwenye chemchemi zilizo ufukoni, kisha kuturudisha jioni baada ya kupakia mzigo wake. Ilikuwa safari ya saa tatu juu ya mchanga. Kila nilipoona kitu nilimgongea asimame: tuta lililopindwa na upepo, mgunga mmoja umesimama peke yake, ngamia wamepangana juu ya kilima.

"Hapa kuna nini?" mzee aliuliza mara ya tatu.

"Ni pazuri."

Alitazama pande zote kwa makini, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. "Hapa hakuna nyasi," alisema. "Twende, nitakuonyesha pazuri."

Filamu ya pili iliisha tukiwa bado njiani. Nilibadilisha palepale ndani ya gari, upepo unapuliza mchanga dirishani, nimeinama juu ya kamera na kujifunika leso ya dada. Niliharakisha. Nilifunga mgongo wa kamera, nikavuta mkono wa kusogeza filamu mara mbili, nikaona namba ya picha imesogea. Nikaridhika.

Kisha gari likashuka, na ziwa likatokea.

Sijui niseme vipi. Nilikuwa nimelizoea neno ziwa, nikidhani ni maji mengi tu. Lile lilikuwa la kijani kibichi, katikati ya nchi isiyo na kijani, na ukingo wake wa pili hauonekani. Ufukoni palikuwa na mitende mirefu inayoinama upande mmoja, na kutoka chini ya ukingo maji yalibubujika, matamu na ya vuguvugu, yakishuka juu ya mchanga hadi ziwani. Wanawake walikuwa wakijaza mitungi. Mbuzi walikunywa bila haraka. Mzee alizima injini, akaniangalia tu.

Dada alivua viatu akaingia kwenye ule mkondo wa chemchemi, gauni limeshikwa magotini. Wanawake walimfahamu. Mmoja alimrushia maji, naye akarudisha, na mara ikawa vita, wote wanapiga kelele, dada yangu amelowa mpaka nywele, anacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu tulipomzika Baba. Nilipiga. Nilipiga nikiwa nimepiga magoti, nikiwa nimelala kifudifudi, nikiwa ndani ya maji. Nilijua, jinsi mpiga picha anavyojua mara chache maishani, kwamba ninapata kitu.

Jioni, mzee akifunga mzigo kwa kamba, nilitazama namba ya kamera. Thelathini na sita. Nikavuta: thelathini na saba. Filamu nyingine hutoa moja au mbili za ziada. Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Upande wa kushoto wa kamera kuna kifundo cha kurudishia filamu, na filamu ikisogea, nacho huzunguka. Nilivuta tena nikikitazama. Hakikuzunguka. Nilipoifunika kamera kwa leso na kuifungua, vidole vikaniambia yote: ncha ya filamu ilikuwa imechomoka kwenye kigurudumu kinachoivuta. Nilikuwa nimepiga mchana mzima na filamu haisogei.

Nilimwendea dada. "Hakuna kitu," nilimwambia.

"Hakuna nini?"

"Picha. Za leo. Hakuna hata moja."

"Hata ile ya maji?"

"Hata hiyo."

Nilidhani atanigombeza. Ingekuwa nafuu. Alinitazama, akatazama ziwa, akaokota viatu vyake na kuanza kutembea kando ya maji, akiniacha pale. Mzee alipiga honi. Mimi niliketi nyuma ya mtende, mgongo kwa upepo, nikaiweka filamu ileile upya, polepole, nikahakikisha kifundo kinazunguka. Kisha nikamkimbilia. Nilipomkaribia niliita, naye akageuka. Viatu mkononi, leso imeteremka, nywele zimesimama kwa chumvi na upepo, macho mekundu. Nikabonyeza. Sikumpanga, sikuangalia jua liko wapi. Nilipiga nyingine mbili akiwa amenipa mgongo, kisha honi ikalia tena na tukaenda.

Sahihi hakutia. Nilirudi Kitale na fomu ileile.

Picha za rangi tulikuwa tukizipeleka kusafishwa Eldoret, kwa hivyo zilichukua wiki. Zilipofika, nilizipeleka Kibabii siku hiyohiyo. Mama alifuta meza, akavaa miwani, akazipanga mstari kama karata. Alitazama kilima. Alitazama ngamia. Aliuliza kama ule mto una samaki. Alipofika kwa yule mama wa shimo la maji nilimwambia habari ya mtoto aliyetangulia na miguu, na yale maneno niliyotumwa. Mama aliishika picha ile karibu na dirisha. "Ni wa kwao pia," alisema polepole, kama anayeonja chakula asichokijua.

Kisha akafika kwenye ile ya dada na viatu mkononi.

"Hapa alikuwa analia."

"Ndiyo."

"Nani alimliza?"

Nilimweleza yote: chemchemi, wanawake, maji, filamu iliyochomoka. Sikujitetea. Mama alisikiliza bila kuondoa macho kwenye picha.

"Kwa hivyo alilia kwa sababu ya picha," alisema. "Picha za kunionyesha mimi."

"Ndiyo, Mama."

Nje kuku walikuwa wakigombana. Mwishowe alichukua ile fomu, akaiweka ndani ya Biblia yake, katikati, mahali pa mambo yasiyotupwa lakini yasiyohitajika tena, pamoja na risiti za jeneza la Baba. Nilidhani amemaliza. Lakini akavua miwani, akasema, "Mimi nataka kuona hizo ambazo hazikutoka."

Mjomba alikasirika, akasema nafasi kama ile haipatikani mara mbili, na kweli haikupatikana. Dada alikaa Lodwar miaka mingine sita. Akaolewa huko, na aliporudi Bungoma alirudi kwa kupenda mwenyewe, na watoto wawili wanaozungumza Kiturkana wakigombana. Studio ya Kitale ilifungwa simu zilipoanza kupiga picha. Bosi aliniachia daftari langu, na bado ninalo, ingawa lile shamba la vitunguu Cheptais sasa nasikia limejengwa.

Lakini Desemba ya mwaka uleule wa picha nilimpeleka Mama. Alijifunga leso mbili, akaomba njia nzima kutoka Marich hadi Kainuk, midomo ikisogea bila sauti. Yule mzee wa pikapu alikubali kutupeleka tena Eliye, na safari hii Mama aliketi mbele, akimuuliza mbuzi wanauzwaje. Ziwa lilipotokea aliacha kuuliza bei. Dada alimshika mkono wakashuka pamoja hadi kwenye chemchemi. Mama aliinama, akachota maji kwa kiganja, akayaonja, akanawa uso na shingo. Wanawake wa pale walimletea mkeka uliosukwa kwa makuti ya mkoma, wakautandika kivulini.

Mama yangu alikuwa mtu ambaye halali mchana. Hata akiugua, alikuwa akiketi. Siku hiyo alinyoosha miguu juu ya ule mkeka, akasema anapumzisha mgongo kidogo tu, na kabla hatujamaliza kufungua chai alikuwa amelala, mdomo wazi kidogo, kiganja kimefunguka juu ya mchanga. Nilikuwa na kamera, imejaa filamu, nimehakikisha mara tatu. Sikuigusa. Dada alipunga nzi kwa ncha ya leso. Tulizungumza kwa sauti ya chini, sijui juu ya nini, mambo ya kawaida. Baadaye mzee alikuja kusema mzigo uko tayari, na dada akajiwekea kidole mdomoni. Mzee akamtazama Mama, akavua kofia yake, akaketi nasi chini kusubiri.